Mning'iniaji wa Ogwedhi Avuka Ziwa

Tangu nirudi Voi, kila anayepita mlangoni kwangu ana maswali mawili. Kwanza, kwa nini niliaga kwamba nafuata wadudu nikarudi na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Pili, kama ni kweli nilikuwa mshenga. Nimeshajibu nusunusu sokoni, kanisani na kwa fundi cherehani, na hizo nusu zimekutana njiani zikazaa uongo. Basi yote ni haya hapa, na mwenye swali la tatu aje na sukari yake.

Wengi wenu mnajua nilikuwa fundi wa maabara chuoni mpaka nilipostaafu. Asiyejulikana kwenu ni Mwalimu Ouma, aliyefundisha baiolojia na sasa anaishi Takawiri, kisiwa cha ziwani, kwao. Tulifahamiana alipoleta maabara kwetu mdudu mmoja aliyempenda kuliko wanafunzi wake. Mdudu huyo sijui kama ana jina la Kiswahili. Wataalamu humweka katika jenasi ya Bittacus, nami humwita mning'iniaji, kwa sababu hawezi kusimama. Ukimweka mezani huanguka. Maisha yake yote ananing'inia kwenye jani kwa miguu ya mbele, na kwa miguu ya nyuma anadaka wadudu wanaopita. Ukimwona kwa haraka utadhani ni mbu aliyelishwa vizuri.

Dume lake haendi kwa jike mikono mitupu. Hudaka mdudu, hujining'iniza naye, hutoa harufu, na kungoja. Jike akija huonja. Zawadi ikiwa ya maana, hula huku wameshikana, na hukaa sana. Ikiwa nyembamba, huondoka mapema.

Spishi za jenasi hii zinafanana mpaka zinaudhi. Rangi ni ya majani makavu, mabawa karibu ni yaleyale, na majike ni kama sindano za pakiti moja. Ukweli uko kwenye mkia wa dume, ambako kuna koleo mbili ndogo, na kila spishi ina umbo lake la koleo. Bila mkia wa dume hujui kitu. Mwalimu alikuwa ametumia miaka mingi kuandika ufunguo wa kuwatambua wale wa upande wa ziwa, yaani maswali yanayokuelekeza njia panda moja baada ya nyingine: koleo zina jino? Kama ndiyo, shika huku. Lilikuwa limebaki swali moja. Mwalimu aliamini kwamba yule wa Ogwedhi, upande wa Migori, ni spishi mpya, tofauti na yule wa Takawiri. Mimi nilisema ni spishi moja. Tumebishana hivyo miaka na miaka bila kugombana, isipokuwa mara chache.

Sasa presha ya macho imekwisha kumchukua Mwalimu jicho moja na inabisha hodi kwenye la pili. Upasuaji ulikuwa umepangwa, na daktari hakuahidi kitu. Mwalimu alinipigia simu akasema akishinda yeye, spishi ile ataipa jina la mke wake, Mama Apiyo, na anataka amwambie angali anaweza kuuona uso wake. Mama Apiyo hakuwa ameulizwa. Kazi yangu ilikuwa kumletea dume la Ogwedhi alione mwenyewe kwa lenzi. Nilikubali siku ileile. Nilikuwa na hakika ya kushinda, na kwa mara ya kwanza sikuutaka huo ushindi.

Ogwedhi, soko la ng'ombe

Nilifika siku ya soko nimevaa koti jeupe la mvua, nikiwa na wavu na mkoba wa chupa ndogo. Kosa lilikuwa koti. Kabla sijapata pa kukaa, mzee mmoja alinishika mkono.

"Daktari, umechelewa sana. Angalia hii ng'ombe, haikuli."

"Mzee, mimi si daktari wa mifugo."

"Sawa, lakini iangalie tu."

Niliiangalia. Nikasema inaonekana imechoka. Mzee akawageukia wenzake akawaambia kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa anasema tangu asubuhi. Nyuma yake pakaanza kujipanga watu na ng'ombe wao, na mmoja alikuwa na mbwa.

Aliyeniokoa ni Boke, mama wa Kikuria mwenye kibanda cha uji karibu na mahali pa kupakilia mbuzi. Alipiga kelele kutoka kwenye sufuria zake kwamba mtu wa ng'ombe habebi wavu. Watu wakautazama wavu, wakaona ana hoja, wakatawanyika kwa masikitiko.

"Sasa wavu ni ya nini?" akaniuliza. "Huku hakuna samaki, mama."

Nikamweleza. Alinipa uji wa wimbi na maharage ya kuchemsha nikiendelea kueleza, na alisikiliza kama mtu anayepokea shtaka.

"Wanauma?"

"Hapana."

"Wanaliwa?"

"Hapana."

"Basi wanafanyanga nini?"

Nikamweleza habari ya dume na zawadi. Akaacha kukoroga. "Huyo mwanaume ako na adabu," akasema. Kisha akanionyesha kijito nyuma ya soko, kwenye majani marefu anayokatia ng'ombe wake, akasema niingie leo maana kesho anakata yote.

Majani yale yalikuwa yamejaa waning'iniaji, wamejianika kwenye kivuli kama nguo za mtoto. Majike yalikuwa mengi. Madume, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawakuwapo. Niliinama mpaka kiuno kikaanza kutoa maoni, na jua lilipoanza kulegea nikampata dume mmoja tu, ameshika nondo mdogo na anangoja. Nilimkatisha shughuli yake. Kwa kuwa spiriti hufuta rangi, nilimuua na kumtoboa pini kama inavyotakiwa, nikamweka kwenye kisanduku chenye sponji.

Majike matatu niliyachukua hai. Sikuwa na sababu ya kisayansi. Nilijua tu kwamba Mwalimu amekaa muda mrefu bila kuwaona wakining'inia, na nilitaka kumpelekea kitu cha kumfurahisha kabla sijambomoa. Boke alinipa chupa kubwa ya plastiki iliyokuwa ya peremende, nikasimamisha mabua ya majani ndani, nikafunika kwa kitambaa chenye maji. Akaichungulia.

"Hao ni wasichana wetu," akasema. "Usiende nao kimya tu. Tupate habari."

Kutoka Ogwedhi mpaka Migori, mimi nikiwa ukuta

Usafiri niliopata ni pikapu ya Otieno, mchuuzi wa mbuzi. Mbuzi walikaa nyuma, mimi mbele na chupa yangu mapajani, na tukaanza vizuri. Otieno alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa katikati ya kisa cha beberu ambaye yeye Otieno aliwahi kumuuza mara mbili alipoona mama mmoja mtu mzima amesimama kando ya njia na mkono juu. Maneno yakamwisha palepale.

"Huyo ni mama ya bibi yangu," akasema.

Asiyejua mambo ya Wajaluo ataona hapo hakuna tatizo. Lakini mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama mkwe, hamsalimii kwa mkono, wala hamkodolei macho. Kumpita na kumwachia vumbi nako hakuwezekani. Otieno alisimamisha gari hatua kadhaa mbele, akashuka, akazunguka kwa upande wa pili akitazama mlima, akanifungulia mlango. Nikahamishwa kukaa katikati, gia ikiwa kati ya magoti yangu. Mama mkwe akaingia upande wangu wa zamani akitazama nje. Otieno akarudi kwenye usukani akitazama barabara kama mtu anayefanya mtihani. Gari likaondoka likiwa kimya, isipokuwa mbuzi, ambao hawana wakwe.

Baada ya mashimo machache mama alinigeukia. "Mwambie huyo mtu apunguze mwendo."

Nikamgeukia Otieno, ambaye alikuwa karibu naye kuliko mimi nilivyo karibu na mlango wangu huu. "Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Amepunguza, mama."

"Mwambie asante."

Tuliendelea hivyo. Nilipeleka salamu za wajukuu, habari ya mahindi, na swali kuhusu kifua cha Otieno, ambacho kilikuwa kinaendelea vizuri. Kisha mama akaulizia chupa. Nilikuwa nimeichoka hadithi yangu, lakini nikaisimulia tena, na nilipofika kwenye zawadi akaniinulia kidole.

"Mwambie huyo mtu asikilize hapo vizuri."

"Mwambie mama nasikiliza."

"Rudia," mama akaniambia.

Nikarudia kwamba zawadi ikiwa nyembamba jike huondoka mapema. Otieno alibadilisha gia, goti langu likiwemo.

"Mwambie mama ile ng'ombe nyingine inakuja baada ya mavuno."

Gurudumu lilipasuka kabla ya Migori. Otieno alibadilisha akiwa amejificha upande wa pili wa gari, na mama mkwe akakaa chini ya kivuli akiwa amempa mgongo ili asimwone akiwa amelala chini, maana hilo nalo halifai. Mimi nilisimama kati yao na chupa, nikipeleka habari za jeki. Tuliingia Migori jioni. Otieno aliponishusha alinishukuru kwa sauti ya chini, akasema safari hiyo amefanya mazungumzo marefu na mkwewe kuliko tangu aoe.

Homa Bay, sisimizi

Kesho yake nilifika Homa Bay nikiwa na njaa na kiburi. Dume alikuwa salama sandukuni na majike yalikuwa hai. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, nikaletewa samaki wa kukaanga, ugali na mboga za kienyeji. Samaki yule nilimla chumbani taratibu mpaka kichwa. Kisha nikafungua kisanduku ili dume apate hewa akauke vizuri, nikamweka dirishani, na mifupa ya samaki nikaiacha kwenye sahani pembeni.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya wadudu ameshasimama hapo, ameshika kichwa. Kitu cha kwanza nilichokuwa nikiwafundisha vijana maabara ni kwamba mdudu aliyekufa haachwi wazi penye sisimizi, na kama huna budi, miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji. Nimesema hivyo mpaka wengine wakaniita Mama Makopo.

Asubuhi mstari wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukapita kwenye sahani na kuendelea hadi kisandukuni. Dume alikuwa bado kwenye pini yake. Kichwa kilikuwepo, mabawa yote manne yalikuwepo, miguu ilikuwepo mpaka kucha. Mkia haukuwepo. Walimwachia kila kitu ambacho hakina maana.

Mama wa usafi, Achieng', alinikuta nimekaa kitandani. Nikamwonyesha. Akainama, akatazama kwa uangalifu.

"Pole sana," akasema. "Lakini si imebaki kubwa?"

Kurudi Ogwedhi kusingesaidia, maana Boke alikuwa amekwisha kukata majani yake, na siku ya upasuaji isingenisubiri. Nikampigia Mwalimu. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na samaki. Akaanza na samaki.

"Kichwa ulikula?"

"Nilikula."

"Kichwa cha samaki wa Homa Bay ni kitamu," akasema, kama anayenitafutia sababu mbele ya hakimu. Kisha akauliza, "Majike wako hai?"

"Wako hai."

"Basi walete hao. Hapa madume yako. Tuwaweke pamoja, wenyewe watatuambia kama ni watu wa nyumba moja. Jike haendi na dume wa spishi nyingine, hata harufu yake haimsumbui." Akacheka kidogo. "Rehema, sasa wewe ni jagam."

Jagam ndiye mshenga kwa Kijaluo. Nikamwambia sijawahi kumshengea hata binamu yangu.

"Njoo tu upesi, dada," akasema. "Mchana wangu unakuwa mfupi."

Mbita, kungoja barafu

Boti ya Takawiri ilikuwa tayari pale Mbita, abiria walikuwa tayari, na mwendesha boti alikuwa ameshika kamba. Kilichokosekana ni barafu ya kuhifadhia samaki wa kisiwani, na barafu ilikuwa njiani. Ilikuwa njiani tangu kabla sijafika. Tulikaa ndani ya boti iliyofungwa, jua likitupika upande mmoja, na hapo watu wakapata nafasi ya kuichunguza chupa yangu.

"Hiyo ni mbu?" akauliza mama mmoja aliyekuwa na beseni la nyanya.

Nikasema si mbu. Lakini Mbita ni mji uliozoea kuona watu wa utafiti wa mbu, na mtu mgeni mwenye miwani na chupa yenye vitu vya miguu mirefu hahitaji kuhojiwa sana.

"Umetoa wapi?"

"Migori, upande wa Ogwedhi."

"Unapeleka mbu ya Migori Takawiri kufanya nini? Sisi tuko na yetu."

Boti nzima ikageuka. Mwendesha boti akasema, kwa upole kabisa, "Mama, hiyo chupa haiingii hapa."

Nikajaribu sayansi. Nikasema mbu ana mabawa mawili na hawa wana manne.

"Ndiyo tunaogopa," akasema mama wa nyanya. "Hii iko na mabawa mingi."

Nikasema hawaumi. Wakaniambia niingize mkono. Nikaingiza. Jike mmoja akaachia bua akaning'inia kwenye kidole changu kwa utulivu mkubwa, na watu wote wakatazama wakingoja nianze kutetemeka. Nilipokuwa bado mzima, baba mmoja wa makamo mwenye redio akasema labda wamenizoea.

Basi nikaishiwa. Nikasema, "Jamani, hawa ni wasichana wa Ogwedhi. Wachumba wao wako Takawiri, kwa Mwalimu Ouma. Mimi ni jagam."

Mama wa nyanya akainama, akaichungulia chupa upya.

"Sasa mbona hukusema?" mama wa nyanya akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekosewa heshima.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Chupa ikahamishiwa katikati ya boti, mahali pasipo na maji, na mwendesha boti akaifunga laifu jaketi, iliyokuwa imara kuliko yangu. Wakampa jina yule mkubwa kati yao, Nyar Ogwedhi, yaani binti wa Ogwedhi. Barafu ilipofika haikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Njia nzima walijadili mahari. Mama wa nyanya aliona samaki inatosha kwa mtu mdogo namna hiyo. Baba wa redio akatikisa kichwa.

"Ogwedhi ni soko ya ng'ombe," akasema. "Msichana wa huko huwezi chukua na samaki."

Niliwaacha wabishane. Nilikuwa nikilitazama lile jike lililokuwa likibembea ndani ya laifu jaketi, na ndipo nikaingiwa na hofu. Likimkubali dume wa Takawiri, Mwalimu amekosa mdudu wa kumpa jina la mke wake, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelileta hilo jike.

Takawiri

Mwalimu alikuwa akingoja ufukweni, mkono wake ukiwa kwenye bega la Mama Apiyo. Alinitambua kwa sauti. Nilipomkaribia aliinamisha kichwa pembeni, akanitafuta kwa upande wa jicho lililobaki, akanipata, akatabasamu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijifanya nahangaika na mizigo.

Nyumbani walikuwa wameandaa ukumbi wa harusi. Neti ya kulalia ilikuwa imetundikwa uani juu ya kichaka, chini ya kivuli, na ndani yake kulikuwa na madume ya Takawiri. Ni Mama Apiyo aliyewakamata kwa kopo, na bado alikuwa akilalamika.

"Watu wengine wakistaafu wanafuga kuku," akaniambia.

Adhuhuri ya siku iliyofuata, kukiwa na mwanga mwingi, tulikaa kando ya neti. Mwalimu alijaribu lenzi yake. Aliisogeza mbele na nyuma muda mrefu.

"Naona kivuli chenye miguu," akasema, akanikabidhi. "Utakuwa macho. Sema unachoona, usiseme unachofikiria."

Nikamwachia Nyar Ogwedhi ndani ya neti. Kitambo kidogo dume mmoja akadaka kijidudu cha ziwani, kimojawapo cha vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi. Akajining'iniza, akangoja. Nyar Ogwedhi akasogea. Akaonja. Dume akaanza kukunja mkia kumtafuta. Nyar Ogwedhi akaachia, akaruka, akaenda kujining'iniza upande wa pili wa neti.

"Ameondoka," nikasema.

"Hawakushikana?"

"Hawakushikana kabisa. Mwalimu, hongera. Ni spishi mbili."

Nilifurahi. Miaka yote ile nilibishana naye, na hapo nilifurahi kushindwa mpaka nikasimama. Mwalimu hakusimama.

"Alimpa nini?"

"Kijidudu cha ziwani."

"Kimoja?"

"Kimoja."

Akakuna kidevu. "Rehema, huyu ametoka soko la ng'ombe."

"Mwalimu, usiniletee maneno ya boti."

"Amekataa zawadi. Hujui kama amekataa mume. Hayo ni mambo mawili." Akageuza kichwa kuelekea jikoni, akamwita mke wake kwa Kijaluo. "Min Apiyo, tunataka nzi. Mnene."

Nzi huko hawatafutwi. Mama Apiyo alikwenda kwenye nyavu za kuanikia omena akarudi amefumba ngumi, na alinipa nzi kwa uso wa mtu anayetoa sadaka kanisani bila kuamini mahubiri. Nikamshika kwa kibano, nikampelekea dume. Alimpokea kwa miguu ya nyuma, akampima, akajining'iniza. Nyar Ogwedhi alivuka neti nzima. Akaonja. Akaendelea kula. Mkia wa dume ukazunguka, koleo zikashika.

"Ehe?" Mwalimu akauliza.

"Wameshikana."

"Tungoje."

Mama Apiyo alileta chai na viazi vitamu. Mwalimu hakugusa. Alikuwa ameketi amenyooka, uso ukielekea mahali ambapo alidhani wapo, na alikosea kidogo, alikuwa akiutazama mguu wa kiti.

"Bado?"

"Bado."

Kama wangeachana haraka, tungesema koleo zilishika kwa bahati mbaya tu, jike amekula akaenda zake. Kila dakika waliyokaa ilikuwa inamnyang'anya Mwalimu spishi yake. Na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiona. Mama Apiyo alikuwa amerudi kwenye omena zake. Neno moja tu, wameachana, na ufunguo ungebaki na swali lake la mwisho, na mke wake angepata jina, na Mwalimu angekwenda hospitali ameshinda. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilikitaka kile kitu kwa moyo wangu wote.

"Rehema," akasema bila kugeuka. "Najua unataka kuniambia wameachana."

"Ndiyo, nataka."

"Wameachana?"

Niliwatazama. Walikuwa wametulia, nzi kati yao amekwisha kupungua.

"Bado, Mwalimu."

Akashusha pumzi. Akatafuta kikombe kwa mkono, akakipata, akanywa chai ambayo tayari ilikuwa baridi.

"Basi ni spishi moja," akasema. "Lile swali la mwisho lifute."

Tulirudia na wale majike wengine wawili, kwa nzi wanene, tukapata jibu lilelile. Maharusi wakaishia kwenye spiriti, kama utaratibu wa kazi yetu unavyotaka pale haja inapokuwa koleo, si rangi, na Mwalimu aliomba ashike ile chupa mwenyewe. Usiku ule hakuna aliyesema mengi. Mama Apiyo alituuliza nani amekufa. Tulisema hakuna.

Ufukweni

Siku ya kuondoka Mama Apiyo alinifungia gunia la omena, kwa sababu jagam harudi mikono mitupu, na upande wa msichana lazima wapate chochote. Sehemu ya Boke niliipeleka kwa pikapu ya Otieno nilipopita Migori. Boke alinipigia simu kushukuru, akasema hiyo ameipokea kama ya kubisha hodi, na akauliza ng'ombe wenyewe wanakuja lini. Sehemu iliyobaki ndiyo hiyo mnayonisaidia kuila.

Tulipokuwa tukingoja boti, Mwalimu alimgeukia mke wake akamwambia yote, mbele yangu. Kwamba kuna mdudu wa Ogwedhi ambaye yeye Mwalimu alidhani ni mpya. Kwamba alitaka kumpa jina lake, likaandikwe, libaki. Kwamba sasa hana.

"Nilitaka kukupa kitu kabla haya macho hayajafunga," akasema. "Sina kingine."

Mama Apiyo alikuwa amepiga magoti anakaza kamba ya gunia. Alimaliza fundo lake kwanza.

"Jina langu kwa mdudu?"

"Ndiyo."

Akasimama, akakung'uta mchanga. "Ouma, wewe ulikuja kwa baba yangu na ndama moja. Inachechemea. Ililia kwa boti njia yote mpaka watu wakaskia huruma. Na mimi niliondoka?"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kwa namna ile yake, anamtafuta kwa jicho lililobaki, na nadhani alimpata, maana alikaa hivyo mpaka boti ikaita.

Nilipanda. Boti iliposogea, niliwaona wamegeuka kupanda njia ya nyumbani, mama mbele, baba nyuma na mkono begani kwake.

"Inua mguu," nilimsikia akimwambia. "Hapo iko jiwe."